Fundi wa Utando na Bakuli la Maji ya Uvuguvugu

Saa mbili asubuhi, ukungu haujaachia Uyole, na Anyelwisye Mwakajumba ameukumbatia mtungi nyuma ya bajaji kama mtu aliyebeba mgonjwa. Moshi mweupe unafuka shingoni mwa mtungi. Dereva anachungulia kwenye kioo na kuuliza kama kitu hicho hakilipuki.

“Hakilipuki,” anamjibu. “Ila ukitumbukiza kidole, unakiacha humo. Hebu nenda taratibu kwenye matuta.”

Ndani ya mtungi kuna naitrojeni ya kimiminika, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri. Wahimilishaji, wanaopandikiza ng’ombe mimba kwa mrija, huitumia kuhifadhi mbegu za madume. Anyelwisye, 44, aliifanya kazi hiyo miaka kumi na saba, akizunguka kwa pikipiki vijiji vya Nyololo, Mufindi.

Leo haendi kwa ng’ombe. Anakwenda kwenye maabara ya chuo kimoja jijini Mbeya, ambako anatengeneza utando unaopitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Nilipoambiwa, sikuamini.

“Nilitafuta mtu wa kutunza mitungi, nikapata fundi,” anasema bosi wake, Dkt. Frida Sanga. “Mikono yake haina papara.”

Kazi yenyewe inafanyika ndani ya chemba ya chuma iliyonyonywa hewa na kuachiwa oksijeni kidogo. Leza inapiga kisahani cheusi chenye itriamu, bariamu na shaba. Ulimi wa moto wa zambarau unachomoka na kutua juu ya kijibamba cha ukubwa wa ukucha, kilichopashwa nyuzi karibu mia nane. Unywele wa kichwani ni mnene mara mia tatu kuliko utando unaobaki pale.

Ukipoozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri, umeme unateleza ndani yake bila kizuizi. Na hilo, wenyewe wataalamu wanaliita joto la juu.

“Nilicheka,” anasema Anyelwisye. “Nikajua waliotoa jina hilo hawajawahi kulala kwenye baridi ya Nyololo mwezi wa saba.”

Tando thelathini ziligoma. Wa thelathini na moja, Machi mwaka huu, uliangusha namba kwenye kipimo cha ukinzani wa umeme hadi sifuri.

“Mimi nikadhani nyaya zimekatika. Daktari akazikagua mara tatu, halafu akakaa chini sakafuni. Jamani, tulishikwa na bumbuwazi!”

Utando huo ulikusudiwa kwenda kwenye kipokezi cha mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, ili isikie hata mawimbi dhaifu ya mtoto mchanga. Kisahani kilikuwa kimeliwa na leza. Kilichobaki kingetosha utando mmoja tu, na kingine hakikuwepo.

Kilichofuata, Anyelwisye anakisimulia akiitazama mikono yake.

“Daktari aligeuka kuandika. Nikautoa utando kwenye naitrojeni kwa kibano, nikautumbukiza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu...”

Ndivyo wahimilishaji wanavyofanya. Mrija wa mbegu ukitoka kwenye baridi, unaingia kwenye maji ya nyuzi 37 kwa nusu dakika, kisha mbio kwa ng’ombe. Lakini maji ni sumu kwa utando, na kurukishwa ghafla kutoka baridini kunaupasua.

“Nilipofika ishirini Daktari akageuka. ‘Kaka Anyelwisye, unafanya nini?’ Nikamwambia, ‘Nayeyusha.’ Hapo ndipo nikasikia nilichosema.”

Nilimuuliza maji yalitoka wapi.

“Niliyachanganya mwenyewe asubuhi. Yalikuwa na kipimajoto ndani, nyuzi thelathini na saba kamili. Mpaka leo sikumbuki kuyachanganya.”

Miaka kumi na saba ilikuwa imekaa mikononi mwake bila kumuuliza.

Alipofika nyumbani, mkewe Marta alimwona sura akauliza nani amekufa. “Nikamwambia, nimeua mimi.” Siku mbili hakula.

Leo wanaupima utando wa mwisho, uliotoka kwenye mabaki ya kisahani. Mabakuli yote yameondolewa maabara, hata vikombe vya chai. Utando unashuka ndani ya naitrojeni, namba zinapungua polepole, kisha ghafla, sifuri. Hakuna anayeshangilia.

“Daktari, utoe wewe,” anasema Anyelwisye.

“Nani? Mimi siutoi,” anajibu Dkt. Frida. “Utautoa wewe, kaka.”

Anashika kibano. Jasho linamtiririka, na humu ndani kuna baridi. Anauinua utando kidogo kidogo kupitia moshi wake, anautoa, na mbele ya macho yetu mkono unaanza kwenda kushoto, pale bakuli lilipokuwa linakaa.

Nimeziba mdomo.

Mkono unasimama hewani. Unarudi. Unauweka utando kwenye kisanduku kikavu, na kifuniko kinafungwa.

Saa mbili baadaye wanaupooza tena. Sifuri. Sasa Dkt. Frida analia waziwazi, na fundi wake amekaa kwenye kiti akiwa ameikalia mikono yake yote miwili.

Namuuliza ana mpango gani.

“Siku utando huu ukianza kusikiliza kichwa cha mtoto hospitalini, nataka niwepo,” anasema. “Nitasimama mlangoni. Mikono mfukoni.”