Muhula wa Mwenyekiti wa Kijiji

Nilirudi nyumbani Kanja nikiwa na nusu ya tasnifu kuhusu urefu wa muhula wa wajumbe wa baraza la kutunga sheria: kama miaka minne inatosha, au mitano. Boma letu halikuwapo tena. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari, watu wote wamehamishiwa kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki, na baba alikuwa kizuizini, bila muhula wowote. Ili aachiliwe, ilihitajika barua ya mwenyekiti wa kamati ya kijiji.

Huyo alichaguliwa kwa mwaka mmoja, watu wakipanga foleni nyuma yake huku askari wakiitazama sana foleni ya mpinzani wake. Sasa mwaka ulikuwa ukingoni.

"Msomi," akaniambia, "niandikie kanuni mpya. Mwaka ni mfupi, mtu hata kiti hajakizoea. Ukimaliza, tutazungumza habari za baba yako."

Niliandika na kufuta siku tatu. Hatimaye nikapata kifungu ambacho hata msimamizi wa tasnifu yangu angekisifu: mwenyekiti na wajumbe wake watakaa hadi Hali ya Hatari itakapokwisha. Nilidhani nimemfunga kamba, maana mwisho wa Hatari si yeye angeutangaza.

Nilipomsomea nyanya, alicheka hadi ugoro ukamwagika.

"Kwetu, rika lililofuata lilipokomaa, lilileta mbuzi, likapokea utawala. Nani aliwauliza waliokalia viti kama wamechoka? Wewe umemwachia fisi achague siku ya kutoka zizini!"

Kanuni zilipita kwa mikono yote. Asiyenyoosha alijua jembe la kazi ya lazima lilikokuwa.

Nikaenda kuomba barua. Mwenyekiti alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Baba yako ni mtu mwema. Lakini fikiri, msomi: walio kizuizini wakianza kurudi, si watu watasema Hatari imekwisha?"

"Watasema, mzee."

"Haya. Na mimi je?"

Kifungu kilikuwa changu, hadi nukta ya mwisho.

Mama alikuwa akinisubiri mlangoni, ameshika shati la baba alilolifua asubuhi.

"Amesema lini?"

Nikamweleza, kwa urefu usio wa lazima. Alilikunja shati, akalirudisha sandukuni, kisha akanikabidhi jembe. Zamu yake ya kuchimba handaki ilikuwa inaanza, na tangu siku ile ikawa yangu, hadi Hali ya Hatari itakapokwisha.