Ujira wa Kutetemeka

Nahumu ni fundi mwashi wa Bulongwa, Makete, na hajawahi kujenga ukuta ukainama. Mikono yake ni ileile kila aendako; kinachobadilika ni bei yake. Akijenga kijijini kwao analipwa nusu fedha, nusu viazi, na akiuliza salio anaambiwa, "Kwani wewe si mtoto wetu?" Akifika Njombe mjini, viazi vinakoma, chai inaanza. Akiteremka Makambako, ambako barabara ya Songea inakutana na ile kuu na kila mwenye lori anataka kujenga gesti, bei inapanda tena. Ungedhani utaalamu humwingia kwenye vizuizi vya polisi.

Mwaka huu alikuwa na haraka. Mama yake, Hulda, analala chini ya mabati yaliyotoboka, na alishatoa tamko: mvua ya Novemba ikimkuta tena na masufuria kitandani, anahamia kwa dada yake Wanging'ombe. "Na nikifia huko, mnizike hukohuko."

Basi Nahumu akaenda kwa Basil, aliyekuwa akijenga gesti karibu na stendi ya Makambako. Basil hapimi ukuta, anapima ukubwa wa mji. Fundi wa Makete humlipa elfu kumi na tano kwa siku, wa Njombe ishirini, wa Dar thelathini na tano. Mtu hawezi kutoka mji mkubwa vile, anasema, halafu awe hajui kazi.

"Umetoka wapi?"

Nahumu akayakumbuka masufuria. "Dar, bosi."

"Dar ipi?"

"Mbagala."

"Karibu sana, fundi! Jamani, mpeni kiti."

Kiti hicho hakuna fundi wa Makete aliyewahi kujua kwamba kipo.

Mei yote mambo yalikwenda. Tarsis, fundi aliyetoka Dar kweli, alimgundua siku ya kwanza, ila akanyamaza kwa bei ya soda. "Jirani yangu wa Mbagala," alimkumbusha kila mchana, "leo kiu imenizidi."

Kisha Juni ikaingia na upepo wake unaokata masikio. Tarsis akavaa makoti mawili, akawa anakumbatia jiko la mkaa mpaka saa nne, mwiko mfukoni. Basil hakumlaumu, ndivyo watu wa Dar walivyo. Lakini Nahumu amekulia pembeni ya Kitulo, akichunga kondoo kwenye nyasi zilizoganda. Kwake hilo lilikuwa joto. Asubuhi moja akavua sweta, akavua na shati, akapanda jukwaani na singlendi, huku akipiga mluzi wa kwaya. Hapo ndipo Basil alipomkuta, jasho likimtiririka.

"Fundi," Basil aliita kutoka chini, mikono kwapani. "Mbagala kuna baridi ya hivi?"

"Inategemea, bosi. Kule upande wa juu..."

"Teremka."

"Nimalizie mstari huu?"

"Teremka, Mkinga wewe wa Makete!"

Hakumfukuza, kuta zilikuwa nzuri mno. Alimshusha tu mpaka elfu kumi na tano. "Bei ya Dar ina posho ya baridi ndani yake," alieleza, posho aliyoigundua dakika hiyohiyo. "Wewe baridi huisikii. Nikulipe ya nini?"

Kesho yake Nahumu alifika na sweta mbili, kofia ya sufu na blanketi. Akaketi kando ya jiko la Tarsis, meno yakigongana. Lenard, fundi wa Njombe, akamtazama kutoka jukwaani, akafikiri kidogo, naye akateremka akitetemeka. Mafundi wengine wakamfuata mmoja mmoja, kama wanaokwenda kutoa sadaka. Saa nne ukuta ulikuwa palepale ulipolala.

"Nahumu! Si jana tu ulikuwa kifua wazi?"

"Jana nilikuwa na thelathini na tano, bosi. Inatia joto ile. Hii kumi na tano haizibi hata sikio."

Basil akavumilia. Lakini alishatangaza sherehe ya ufunguzi, muziki umeshakodiwa, na mafundi wake wanazidi kuugua baridi hata jua likiwaka. Mwisho akasalimu amri: elfu thelathini kwa kila fundi, atoke atokako, kwa sharti kwamba asionekane mtu na blanketi kazini. Aliyetetemeka kikweli siku hiyo ni Tarsis, ambaye thelathini na tano yake ilishuka kuwa thelathini.

Oktoba, kabla ya mvua, mabati yakafika Bulongwa. Hulda akayapapasa moja moja, akamshukuru Mungu, kisha akauliza, "Sasa nani ataezeka?"

"Mimi, mama."

"Wewe?" Akacheka kwa upole. "Paa si mchezo, mwanangu. Mama Eveline ameniambia kuna fundi wa kutoka Makambako. Ni ghali, lakini wale wanajua."

"Mama, mimi nimetoka Makambako jana."

Hulda akamwangalia mtoto aliyemzaa mwenyewe, kichwani mpaka miguuni, akatikisa kichwa.

"Wewe umetoka hapa. Haya basi, panda juu, tutafanyaje. Nitakuchemshia viazi."