Viti vya Amri

Mtaani walimwita Bi Kweli, na usidhani lilikuwa jina la sifa. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, mwanamke wa makamo, mkavu, mikono imezoea moto, na mdomo wake haujui kumfichia mtu jambo. Ukimpelekea suti yenye doa na kumuuliza kama litatoka, alikujibu halitoki, tena mbele ya wateja wengine. Zamani alikuwa anakaa mbele kupokea nguo. Akaja mke wa mtu kuuliza kilichokutwa mfukoni mwa shati la mumewe, na Bi Kweli bila kupepesa jicho akamwambia: hereni moja, ya kike, imevunjika kishikizo. Kufumba na kufumbua, nusu ya wanaume wa mtaa wakahamia kwa dobi mwingine. Tajiri wake alitaka kumfukuza, ila hakuna aliyejua kunyoosha kola kama yeye, basi akamsukumia chumba cha nyuma, kwenye pasi, ambako hakuna wa kumuuliza kitu.

Ukitaka kujua alitoka wapi mtu wa namna hiyo, ungeingia sebuleni kwao ukaangalie viti.

Mama yake, enzi macho yake yakiona vizuri, alizitarizi amri za Mungu kwa uzi mwekundu kwenye vitambaa vyeupe, kila amri na kitambaa chake, akaivalisha migongo ya viti. Wageni walikiona cha moto. Mjomba mmoja, ambaye alikuwa anajijua, alisimama ziara nzima akidai nyonga inamsumbua, kumbe kiti kilichobaki wazi kilikuwa cha Usizini. Watoto walikuwa wawili tu, na kila mmoja alipewa kiti chake. Kaka mtu alikalia Waheshimu baba na mama. Binti alikalia Usiseme uongo. Kabla ya chakula cha jioni, kila mmoja aliulizwa ameishije na kiti chake siku ile, na mama hakuwa na masihara: aliyesema ukweli akabakiza kipande, alihesabiwa kuwa amedanganya, na alikula amesimama.

Sasa mama alikuwa kikongwe na akili zake zimeanza kumtoka. Hakupiga kelele wala kutoroka nyumbani, kama wazee wengine wanavyohangaisha watu. Yeye alichomoa uzi. Bi Kweli akirudi kazini alimkuta amekaa kwenye kiti kilekile, Usiseme uongo, kitambaa kipo mapajani, vidole vinadonoa herufi mojamoja, na sakafuni kuna vipande vya uzi mwekundu. Bi Kweli alifagia, akachukua sindano, akatarizi upya pale palipoharibiwa. Kesho yake mama alifumua tena. Bi Kweli alidhani ni mikono ya uzeeni tu, inatafuta kazi. Ikamchukua muda kugundua kwamba vitambaa vingine vyote vilikuwa vizima, havijaguswa hata nukta.

Alipogundua hilo, alikaa chini palepale sakafuni. Alijua vizuri mama yake anafumua nini.

Miaka mingi nyuma, kaka yake alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua mafuta. Mashine moja mbovu ilimkata mwenzake mkono, na kaka akasimama mbele ya wakubwa akasema mashine hiyo haitawashwa tena mpaka itengenezwe. Wenzake wakamfuata. Likaja nyumbani kwao gari lisilo na namba. Bi Kweli wakati huo alikuwa msichana bado anasoma, sare haijavuliwa. Kaka yake alijificha stoo, mama akasimama katikati ya sebule ameshika sufuria, na wale watu wakaingia bila hodi. Mmoja wao, mpole wa sauti, aliinama mpaka uso ukalingana na wa msichana.

"Binti, yule kijana yupo?"

Msichana alimtazama mama. Mama hakusema neno. Midomo yake ilitikisika kidogo, basi, na msichana akaichukua kuwa ni ile ishara ya kila jioni, ya kumwambia haya, sema.

"Yupo. Yuko stoo, nyuma ya magunia."

Hayo magunia hakuna aliyemuuliza. Aliyaongeza mwenyewe, ili asibakize kipande. Walimtoa kaka yake akiwa na vumbi la unga begani, akapita karibu na dada yake, akamtazama kwa mshangao tu, hata hasira hakuwa nayo. Hakurudi. Si yeye, si habari yake, si kaburi la kupelekea maua. Jioni ile mama alipakua chakula kama kawaida, akamwambia binti yake asilie, ameshika amri. Tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, hawakulizungumza tena jambo lile.

Lakini stoo ililizungumza. We acha tu. Kila alasiri, jua likishafika dirisha la jikoni, Bi Kweli alisikia magunia yanasogezwa. Mkwaruzo mmoja, kimya, mkwaruzo mwingine, kama mtu anayejipenyeza taratibu asisikike. Alienda kufungua mlango. Humo ndani hapakuwa na gunia hata moja, waliyatoa zamani. Palikuwa na ndoo, ufagio, na harufu ya unga ambayo haikupaswa kuwepo. Alifunga mlango, akarudi kwenye shughuli zake. Hakumwambia mtu. Na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, haukuwa uongo.

Basi mama naye, akili zilipolegea, ulimi ukafunguka. Alianza kumshika mwanawe mkono kila anaporudi kazini na kumnong'oneza jambo moja lilelile: wale watu wakija, sema hayupo. Niahidi, mwanangu. Macho yamejaa hofu mbichi, kana kwamba gari limeshaegeshwa nje. Bi Kweli alimwambia hakuna anayekuja, mama, ilishapita. Mama alitikisa kichwa. Hakutaka kuelezwa. Alitaka ahadi, alilala bila ahadi, akaanza na kukataa chakula kwa ajili ya ahadi. Mwili ukamwisha, mifupa ya mabega ikajichora kwenye gauni.

Shangazi yake alipokuja kumwona mgonjwa alimshukia bila simile. Alimwambia mwahidi tu mama yako, maneno hayo yanakugharimu nini, wewe una moyo au una pasi kifuani? Kumheshimu mama si amri pia? Bi Kweli aliinamisha kichwa akasema hawezi kuahidi uongo. Shangazi alisonya, akachukua mkoba wake akaondoka.

Lakini mimi nakwambia, haukuwa ugumu wa moyo, na wala hakuwa anamwogopa Mungu peke yake. Alikuwa anaogopa kitu kingine, na alipokuwa peke yake na pasi yake chumba cha nyuma alikijua waziwazi. Kama uongo ule unasemeka leo, basi hata siku ile ulisemeka. Miaka yote alikuwa ameishi kwa kuamini kwamba hakuwa na njia. Kwamba mdomo wake ulifungwa kwa amri, na walioufunga ni Mungu na mama. Aliukataa uongo mdogo, uongo mkubwa, hata ule wa kumwambia bibi harusi amependeza. Kila ukweli aliousema ulikuwa tofali la kujengea ukuta, na nyuma ya ukuta ule palikuwa na magunia.

Sasa, uani kwao kulikuwa na chumba walichompangisha kijana mmoja, fundi lipu, mcheshi, mpenda redio. Siku moja ya mapumziko, alasiri, Bi Kweli alikuwa anamlisha mama uji. Mama alikuwa amekaza midomo. Stoo ikakwaruza. Bi Kweli alijifanya hajasikia, lakini mama aligeuza shingo, akautazama mlango wa stoo kwa upendo mwingi, kisha akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha aliyemo.  Siku zote Bi Kweli alidhani anaisikia peke yake.

Hapohapo mlango wa mbele ukagongwa.

Mama alimkamata mkono, kucha zikazama kwenye nyama, bakuli la uji likaanguka. Bi Kweli alijivuta hadi mlangoni, mama amemng'ang'ania anaburuzika naye, mwepesi kama nguo. Akafungua. Nje alisimama mwanamume wa kawaida kabisa, suruali ina chokaa magotini, ametoka kwenye ujenzi. Alisalimu vizuri. Kisha, kwa sauti ya upole, akauliza alichotumwa.

"Yule kijana yupo?"

Redio ya fundi lipu ilikuwa inasikika uani. Yupo, bila shaka yupo, amekaa kwenye ndoo anafua soksi. Bi Kweli alifungua mdomo. Aliona sare yake ya shule. Aliona sufuria. Alihisi nyuma yake mwili wote wa mama unatetemeka, na safari hii aligeuka akautazama mdomo wa mama kwa makini, nao ulikuwa unatikisika vilevile kama siku ile. Haukuwa unamwambia sema. Ulikuwa unaunda neno, bila sauti, na neno lenyewe lilisomeka.

"Hayupo," Bi Kweli akasema. "Hajaonekana hapa. Mimi sijui alipo."

Aliyaongeza hayo ya mwisho bila kuulizwa. Yule mtu akashukuru, akaenda zake.

Kucha zikalegea. Bi Kweli alimkalisha mama kwenye kiti, akakimbia uani, akamwambia fundi lipu amfuate mtu anayeshika njia ile, anamtafuta, pengine ni kazi, yeye amemwambia hayupo. Amedanganya. Kijana alicheka akidhani ni utani, kwa sababu nani asiyemjua Bi Kweli. Alipouona uso wake aliacha kucheka, akavaa viatu bila soksi akatoka mbio.

Bi Kweli akarudi ndani. Alisimama katikati ya sebule akisubiri, hata hajui anasubiri nini. Labda radi. Hapakuwa na radi. Stoo ilinyamaza, tena kimya cha mahali ambapo hakuna mtu. Akatambua kwamba hatausikia tena mkwaruzo ule, na kwamba kaka yake alikuwa ameondoka mara ya pili.

Mama alikuwa ametulia kwenye kiti. Aliomba uji. Bi Kweli alipiga magoti mbele yake na bakuli jipya, akamlisha kijiko cha kwanza, cha pili, na mama akala vizuri, akamfuta machozi mwanawe kwa kile kitambaa cha mapajani ambacho hakikuwa na herufi tena. Kisha yale macho yakamrudia, mazima, makali, macho ya mama wa zamani aliyekuwa anauliza kabla ya chakula. Yakamtazama binti yake.

"Kumbe uliweza," mama akasema.

 Bi Kweli akachota kijiko kingine cha uji, na mkono ukabaki hewani.