Nilivyokuwa Fundi wa Magitaa Malindi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa bisbisi ndogo, kisha nikaambiwa nisiguse kitu. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika karakana ya kutengeneza redio hapa Malindi. Mwenye karakana tukimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mtu mfupi, wa miwani, asiyependa maneno mengi. Alinichukua kwa sababu moja tu. Alikuja kwetu kuchukua kofia yake ya vito, akanikuta nikiidarizi, akamwambia baba yangu, "Mkono huu wa bintiyo nauhitaji."

Baba alikuwa seremala wa milango, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Mama hakuridhia. Msichana kukaa dukani na wanaume, tena katikati ya mji! Baba akasema, "Kazi ya mkono haina aibu, Mama Rukia. Mradi ajistiri na ajiheshimu." Nikaenda.

Mkono wangu ulitakiwa kwa ajili ya pikapu za magitaa. Gitaa la umeme halina tumbo la kupaza sauti kama udi. Chini ya nyuzi zake pana hiyo pikapu, kijisanduku chenye sumaku, kilichozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Hicho ndicho kinachosikia mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Zama zile mahoteli mengi ya pwani yetu yalikuwa na bendi, na hewa ya chumvi ilizila nyaya hizo bila huruma. Waya ukikatika mahali pamoja tu, gitaa limekuwa bubu. Kazi yangu ikawa kuuzungusha upya, nikihesabu kimoyomoyo. Mtu akinisalimu simjibu mpaka nifike mia. Walioninunia kwa hilo walikuwa wengi.

Baada ya mwaka hivi, Fundi Mkuu akanifundisha kulisawazisha gitaa zima.

"Anza na shingo," alisema. "Shingo ikiwa mbovu, mengine yote ni kujisumbua."

Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma, yenye nati ya kuikazia kwenye ncha. Nyuzi huivuta shingo mbele, fimbo huirudisha nyuma. Juu ya shingo vimelala vijichuma vinavyokingama, navyo huitwa freti. Unabana uzi kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ya pale shingo inapoungana na mwili, kisha unatazama katikati. Pawe na upenyo wa kupita kadi nyembamba. Ukizidi, unaikaza fimbo, ukikosekana, unailegeza. Ndipo unapokwenda kwenye daraja, kule chini nyuzi zinakokalia, ukapandisha au kushusha kimo chake mpaka vidole visiumie wala nyuzi zisikwaruze. Mwisho ni sauti. Unaugusa uzi katikati ya urefu wake, penye freti ya kumi na mbili, bila kuubana, usikie mlio. Kisha unaubana papo hapo. Milio ikilingana, alhamdulillahi. Ule wa kubana ukiwa juu zaidi, unakirudisha nyuma kidogo kitako cha uzi, pale darajani. Ukiwa chini, unakisogeza mbele. Unaurudisha uzi kwenye sauti yake, unasikiliza tena.

"Mti si bati," Fundi Mkuu alizoea kuniambia. "Ukiigeuza fimbo robo ya mzunguko, uache mti ufikiri."

Nilipoiva kidogo, akanituma Bofa, kule Kilifi, kutunza vyombo vya bendi ya hoteli moja. Kila wiki nilipanda basi asubuhi na kurudi alasiri. Mkubwa wangu kule alikuwa Msimamizi wa Burudani, bwana wa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, aliyemwogopa meneja kuliko radi. Kiongozi wa bendi alikuwa Bwana Kazungu, Mgiriama wa upande wa Magarini, mpole, mwenye vidole virefu. Gitaa lake lilikuwa jekundu. Alikuwa amepiga magitaa ya kuazima miaka saba kabla ya kulipata hilo, na alilifuta kwa kipande cha kanga kila alipoliweka chini.

Mwaka mmoja mvua za masika zilizidi. Mti ulivimba, shingo ya gitaa lile ikapinda, nyuzi zikapanda juu mno. Bwana Kazungu hakuwapo siku ile, alikuwa ameniachia gitaa. Msimamizi alinisimamia kichwani.

"Bi Rukia, leo leo, tafadhali. Jumamosi tuna karamu. Sitaki meneja asikie habari za gitaa."

Nikageuza robo. Sikungoja. Nikageuza tena, nati ikagoma, imeshikwa na kutu. Nilijua vyema kwamba ilinipasa kuacha, niitie mafuta, nirudi wiki ya pili. Lakini viatu vya Msimamizi vilikuwa vikigonga sakafu nyuma yangu. Nikakaza mkono. Ikalia ta! Spana ikazunguka bure mkononi mwangu, nyepesi. Fimbo ilikuwa imekatika ndani ya shingo.

Nililifunga gitaa kwenye shuka, nikarudi nalo Malindi kwa basi huku nimelipakata kama maiti wa mtoto. Fundi Mkuu alilichunguza, akavua miwani.

"Sema ni kutu," akasema. "Na kutu kweli ilikuwapo. Hutakuwa umesema uongo."

Lakini asubuhi yake nilipanda basi, nikamkuta Bwana Kazungu ameketi kando ya bwawa la kuogelea, anakunywa chai ya rangi.

"Shikamoo, Bwana Kazungu."

"Marahaba, Rukia. Gitaa langu li wapi?"

"Nimelivunja. Fimbo ya shingo imekatika."

Akaweka kikombe chini polepole. "Ni kutu?"

Alinifungulia mlango mwenyewe, wala hakujua. Nilitamani sana kupita.

"Kutu ilikuwapo," nikasema. "Lakini ilinionya niache, nami sikuacha. Ni mkono wangu."

Aliyatazama maji yale, kisha akanigeukia.

"Laweza kupona?"

"Sijui. Baba yangu ni seremala. Tutajaribu."

"Haya, jaribuni. Jumamosi nitaazima. Nishazoea." Kisha akaongeza, "Umenambia mwenyewe. Ahsante."

Tulilitibu nyumbani, juu ya meza yetu ya kulia. Ili kuifikia fimbo, ilitubidi tuubandue ubao mwembamba uliobeba freti. Baba akataka pasi ya makaa. Mimi nilipasha moto, yeye akapapasa kwa vidole, kwa kuwa macho hayakumsaidia tena. "Hapa gundi bado inashika. Rudisha pasi. Basi, basi." Tulihitaji kisu chembamba cha kupenyeza, na hatukuwa nacho. Mama alikuwa amekaa mlangoni, bado hajairidhia kazi yangu. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kisu chake cha kupasulia samaki, kilichokwisha kulika kwa kunolewa. "Jaribuni hiki," akasema, kisha akachukua kipepeo akapepea makaa. Hakulisema tena neno lile la wanaume na duka, tangu siku hiyo.

Fundi wa magari mmoja alitukatia fimbo mpya ya chuma na kuitia meno ya nati. Baba akaichongea kitanda chake ndani ya shingo, tukaubandika ubao kwa gundi ya useremala, tukaukaza kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Siku nne hatukuugusa. Wakati huo tulikula chakula mkekani. Siku ya tano nilitia nyuzi mpya, nikageuza robo, nikaenda kuchambua mchele, nikarudi, nikageuza robo nyengine.

Bwana Kazungu alilijaribu mchana, kwenye ukumbi wa chakula usio na wageni. Wahudumu waliokuwa wakipanga uma walisimama. Alipiga muda, akasimama, akainamisha sikio.

"Sauti imebadilika."

Nikanyoosha mkono nilichukue tena.

"Imekuwa nzito kidogo," akasema, "kama sauti ya mtu aliyeugua akapona. Si mbaya." Akaendelea kupiga. Alilipiga mpaka bendi ile ilipovunjwa, wala sikusikia akilalamikia shingo.

Msimamizi wa Burudani hakuwa na moyo huo. Alipojua, alimwandikia Fundi Mkuu kwamba nisitumwe tena Bofa. Fundi Mkuu akanirudisha kwenye kuzungusha waya, na nilidhani mambo yangu yameishia hapo. Lakini Bwana Kazungu alikuwa akizungumza na wenzake. Mpiga besi wa Watamu akabisha hodi nyumbani: "Hapa ndipo kwa yule Bi Rukia anayesema kweli?" Akafuata wa pili, na wa tatu. Mwaka haukwisha nikawa nimeagana na karakana kwa heshima, na meza yetu ya kulia haikurudi kuwa ya kulia.

Nilifanya kazi hiyo nyumbani kwa miaka mingi. Nimeolewa nikiifanya, nimelea nikiifanya, baba na mama nimewazika nikiifanya. Bendi za mahoteli zilipopungua, yalikuja magitaa ya makanisa na ya shule. Nilipoanza kupoteza hisia kwenye ncha za vidole, nisijue freti ipi ina kijincha cha chuma kilichochomoza, nilijua wakati wangu umefika. Sikuumia kama nilivyodhani. Nilikuwa nimeshiba.

Gitaa la mwisho aliniletea mwalimu wa kike kutoka Takaungu. Nikamweleza kwamba mimi nimestaafu, ila akitaka, ataketi kwenye kiti changu alitengeneze mwenyewe, nami nitakaa pembeni nimwelekeze. Aliogopa. Akapima shingo, akashusha nyuzi, akakosea, akaanza upya. Adhuhuri ikapita. Alipomaliza, akaunganisha spika na kupiga kidogo, huku akinitazama usoni.

"Liko sawa, Bibi?"

Sikuwa nimechunguza. Miaka yote ile, mtu akipiga gitaa mbele yangu, nilisikia uzi uliolegea, freti iliyolika, waya unaokaribia kukatika. Siku hiyo nilikuwa nimesikia wimbo.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Hebu endelea kupiga."