Sindano za Magoti ya Mama

Kwa miaka mingi mama yangu alitibiwa na daktari mmoja mzee, kliniki yake ikiwa chini ya kilima cha Arua Hill. Ukienda na homa, kikohozi au mgongo, ulitoka na sindano, dawa za malaria na vidonge vya rangi mbili. Mama alimpenda. Alikuwa akipitisha mfuko wa dawa mbele ya majirani kama mtu aliyetoka sokoni.

Mzee alipostaafu, nafasi yake ikachukuliwa na daktari wa kike, kijana. Nilimpeleka Mama kwake kwa sababu magoti yalimsumbua. Daktari akampima presha, akachukua damu, akasema malaria hakuna, presha iko juu, na figo zimeanza kuchoka. Zile sindano za maumivu aziache. Akampa dawa moja tu, ya presha.

Tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Mimi naenda mgonjwa, narudi na kidonge moja. Hii daktari gani?"

Haikupita wiki akaniambia anakwenda mji wa Koboko kumsalimia dada yake. Nilimruhusu moyo wangu ukikataa. Simu yake ikawa haipokelewi. Nikipika, nasikia simu yangu inalia, kumbe hailii. Nikiswali, nasahau rakaa. Mwishowe nilimpigia mama mkubwa mwenyewe, naye akajibu bila kujua anafichua kitu kwamba Mama hajambo, ila kila asubuhi anakwenda duka la dawa kuchomwa sindano.

Nikapanda gari la Koboko hapohapo. Nilimkuta kwenye benchi la duka, mkono wa gauni umekunjwa, muuzaji anavuta dawa kwenye sindano. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu amevivua. Nilimwomba muuzaji angoje. Kisha nikaanza kumweleza Mama habari za figo, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, watu wakisikiliza.

Aliniacha nimalize.

"Wewe haiko na magoti yangu," akasema.

Nilimpigia daktari, nikamweleza tulipo na miguu ilivyo, nikampa Mama simu. Sikusikia upande wa pili. Nilimwona tu Mama akisikiliza, kisha akianza kueleza: anavyoshindwa kuinuka kwenye mkeka, anavyoteremka ngazi kinyumenyume, usiku unavyokuwa mrefu. Mambo hayo hata mimi sikuwa nimeyasikia. Aliporudisha simu, daktari aliniambia, "Nilipima presha nikasahau kumuuliza anaumwa vipi. Mlete leo."

Mama aliteremsha mkono wa gauni. Muuzaji akaiweka sindano pembeni.

Kliniki ilimpa dawa ya kupunguza uvimbe, vidonge vya maumivu visivyodhuru figo, na mazoezi ya kufanya akiwa kitini. Uvimbe ulipungua. Maumivu yamepungua kidogo tu, na figo hazirudi zilivyokuwa. Tunapima kila mara. Mama anasema daktari yule anasikiliza vizuri lakini ana mkono mzito wa kutoa dawa.

Dada yake akimwalika Koboko, anakwenda. Mimi nabaki Arua, simu mfukoni, naanza kufagia ua ambao nimeshaufagia.