Jina la Mama kwenye Buku ya Leta

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata nikilisahau jina langu sitaisahau: siku niliyojiandikisha mama asiyenizaa. Nasikia unajiandaa kwenda kuishi nchi ya watu, na wenzako wanakufundisha majibu ya kutoa ofisini ili mambo yaende haraka. Basi kaa kidogo. Chai ipo. Kabla hujazijaza karatasi hizo, nisikilize mimi niliyezijaza vibaya.

Nilizaliwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, upande wa Waingereza. Ujanani nikavuka kuja huku Maniema, nikafika Kasongo na mkasi wangu, kushona kanzu. Huku walitawala Wabelgiji. Serikali yao tuliiita Leta, na Leta ilipenda karatasi kuliko mtoto anavyopenda muwa. Mgeni wa nchi nyingine alikuwa na karatasi yake ya kukaa, na kila baada ya miezi kadhaa ilibidi aipeleke ofisini igongwe muhuri. Unafika asubuhi, unasimama juani, karani anakuambia rudi kesho. Kesho anakuambia mzungu amekwenda Nyangwe. Lo! Nilichoka mimi. Nilikuwa na haraka siku zile, si kama unavyoniona hapa natafuta fimbo yangu nusu saa.

Nilikaa kwa Mzee Radjabu, mwenye duka la nguo, mtu wa Kabambare aliyehamia Kasongo. Nilishonea barazani kwake. Mkewe, Mama Zaina, alizaa mabinti tu, na wote walikuwa wameolewa. Mwezi wa kwanza alinipakulia sahani ya peke yangu, kama mgeni. Mwezi wa pili akaniambia nile sinia moja na mzee. Na ukishakula sinia moja na mwenye nyumba pale Kasongo, basi, hakuna tena wa kukuita mgeni. Nilipoumwa homa alinikanda kwa mikono yake. Nilipochelewa, sombe yangu, ile mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imefunikwa inaningoja. Majirani wakimuuliza habari zangu alijibu, "Iko mutoto yangu," na hakuna aliyebisha.

Basi Leta ikaja kuandika watu. Karani akaweka meza mtaani kwetu, buku kubwa ya majina juu yake, na kila mwenye nyumba akasimama na watu wake. Zamu yetu ilipofika, karani akaninyooshea kalamu.

"Na huyu?"

Mzee Radjabu alifungua mdomo, nikamtangulia. "Niko mutoto yake. Nilizaliwa Kabambare. Mama yangu ni huyu, Mama Zaina."

Mzee alinitazama, akanyamaza. Hakutaka kuniaibisha mbele za watu. Mama Zaina akapiga vigelegele palepale, watu wakacheka, karani akaandika, akagonga muhuri. Nikapewa kibuku cha mwenyeji, kitambulisho kisichodai foleni ya muhuri. Mwanangu, sitakudanganya: nilimpenda yule mama, na hilo ni kweli tupu. Lakini nilikuwa pia nimechoka na foleni. Nilichanganya mapenzi na uvivu, nikaviita vyote mapenzi. Jioni mzee akaniambia kwa upole, "Saidi, nyumbani wewe ni mutoto yangu. Kwenye buku ya Leta ungesema kweli." Nikacheka. Nilimwona mtu wa zamani anayeogopa makaratasi.

Mwaka haukuisha, akaja mchuuzi kutoka upande wa ziwa na ujumbe. Mama yangu wa Ujiji alikuwa hoi kitandani, hali chakula, na kila anayeingia anamuuliza kama Saidi amefika.

Wakati ule mtu hatoki sehemu aliyoandikwa bila karatasi ya ruhusa. Nikakimbia ofisini. Nikasema mama yangu anakufa Ujiji, naomba ruhusa ya njia. Karani akafunua buku, akateremsha kidole, akanitazama kama mtu mwenye wazimu.

"Mama yako ni Zaina. Jana nilimuona sokoni anachagua ndizi. Iko muzima kabisa."

Nikaeleza, nikaapa, nikaapa tena. Akasema wewe ni mtu wa Kabambare, chifu wako ndiye wa kukujua, kalete barua yake. Akanipa kikaratasi cha kufika Kabambare tu.

Nilikwenda kwa miguu siku nne. Watu wa chifu wakafungua buku yao. "Radjabu tunamujua, iko mutu ya hapa. Lakini mutoto mwanaume hana. Wewe ni mutoto ya nani?" Wakanirudisha na mikono mitupu. Siku nne nyingine za kurudi. Fanya hesabu mwenyewe, siku nane, na mama yangu anamuuliza kila mtu kama nimefika. Nililia njia nzima, nakuambia bila haya. Kabambare sikuwa mwenyeji, Kasongo sikuwa tena mgeni, na kwetu sikuweza kwenda.

Nikafika nyumbani nimeshaamua kupita porini. Nikafunga mzigo. Mzee Radjabu akaukalia, mzima mzima, na kilemba chake.

"Wakikushika njiani watakufunga," akasema, "na mama yako atabaki kungoja mutu iko gerezani. Kesho tunaenda kusema kweli."

"Wewe ndiye utakayefungwa, mzee," nikamwambia, kwa maana mwenye nyumba ndiye aliyebeba lawama ya maneno ya watu wake.

"Siku ile nilinyamaza. Na mimi nilidanganya."

Asubuhi tukasimama mbele ya mzungu, sisi watatu. Mama Zaina alivaa kikwembe chake cha Idi, kitenge chake kizuri kuliko vyote. Mzungu akauliza, karani akatafsiri: huyu ni mtoto wenu au si mtoto wenu? Mzee akainamisha kichwa. Hakuweza kunikana. Nikatamani ardhi inimeze.

Mama Zaina akasogea mpaka kwenye meza.

"Sikumuzaa," akasema. "Mwenye kumuzaa iko Ujiji, anamungoja. Mufute jina yangu, muandike yake."

Karani akaniuliza jina la mama yangu. Ni Mama Zaina aliyelitaja, taratibu, ili karani asikosee: "Mwajuma binti Hamisi." Alilijua vizuri. Kumbe kila alipoomba dua alimwombea na yeye, na mimi sikuwahi kujua. Karani akalikata jina la Zaina kwa wino mwekundu. Mle ndani Mama Zaina hakutoa chozi. Tulipotoka alikaa chini, pale pale kwenye ngazi za ofisi, akalia na kikwembe chake cha Idi.

Mzee Radjabu alipewa siku saba za kuvunja mawe barabarani. Mtu mzima yule, kwa ajili ya mdomo wangu. Nikasema sitaondoka mpaka atoke. Akanigombeza kwa mara ya kwanza na ya mwisho: "Mimi nafungwa ili wewe ufike, halafu unataka kukaa hapa kunitazama? Toka! Nenda kwa mama yako."

Nikapewa ruhusa ya njia, nikavuka ziwa, nikamkuta mama hai, mwanangu. Tulikuwa pamoja siku nne. Nilimweleza yote, kuanzia uongo wangu mpaka wino mwekundu, naye akasikiliza amefumba macho hata nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ukinizika, rudi kwa huyo mwanamke. Mwambie mtoto wangu nimemwachia yeye." Nikamzika, nikarudi Kasongo na karatasi yangu ya mgeni, nikayafikisha maneno hayo kwa Mama Zaina kama yalivyo.

Sasa nikuambie. Huko uendako, mbele ya meza ya karani, sema jina lako lilivyo, mahali ulipozaliwa, na mama aliyekuzaa. Usibadili kwa sababu foleni ni ndefu, wala kwa sababu mtu mwema amekufungulia nyumba yake. Siku ya shida karani hatafungua moyo wako, atafungua buku. Wakikuambia rudi kesho, rudi kesho. Anayekupenda mwache akupende bila muhuri, na usimtwike uongo wako, kwa maana atakayeulizwa ni yeye.

Haya, nenda. Mungu akupe miguu ya kusimama na karani asiye na hasira. Ukiitwa kwenu, karatasi zako zikufikishe mapema. Na huko ugenini akupe mwanamke wa kukuita mwanangu, naye amjue kwa jina mama aliyekuzaa, amwombee dua.