Mama Mafundo na Gauni la Kitinda Mimba

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani, na hajawahi kuandika kipimo cha mteja hata siku moja. Si kwamba hajui kuandika. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu, ila haamini karatasi. Ukienda kwake kushonesha gauni, anakata uzi mnene mweupe, anaupitisha begani kwako, anafunga fundo. Kifuani, fundo. Kiunoni, fundo. Hivyo hivyo mpaka chini. Kila akifunga fundo, midomo inamcheza: anakuombea kwa Mungu jambo moja, kimyakimya, kisha anaendelea na kazi. Mwisho anafungia kipande cha kitambaa chako kwenye ncha na kuutundika uzi ukutani. Mtaa mzima unamwita Mama Mafundo, na wapo waliokuwa wakishonesha magauni wasiyoyahitaji kwa ajili ya yale maombi.

Mimi ni mpishi wa shule, na maombi yangu yanajulikana kwa urefu. Zamu yangu ya kufungua ibada ya akina mama ikifika, watu wanakaa kabisa. Wifi alikuwa akisema kwamba Mungu akisikia sauti yangu anavuta kiti. Tumetaniana miaka thelathini na bado sijamshinda.

Basi Jumatatu moja asubuhi, wiki tisa kabla ya harusi ya binti yake, kitinda mimba wa nyumba, wifi akaangukia cherehani. Kiharusi. Alilazwa siku kumi na sita. Aliporudi, mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, na maneno yalikuwa yamemvurugika. Akitaka maji anasema "mlango". Akimwita mumewe, "mlango". Alijisikia mwenyewe kwamba amekosea, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, akaamua kufunga mdomo. Kitambaa cheupe cha gauni la harusi kilikuwa kabatini, hakijaguswa na mkasi. Alikuwa amemwahidi binti yake tangu akiwa darasa la kwanza kwamba siku ya kuolewa atavaa gauni lililoshonwa na mama yake. Binti akasema harusi iahirishwe. Wifi akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka tukaihofia shingo.

Sasa nikiri langu. Wakati yuko hospitali, nilijitolea kusafisha chumba chake cha kazi ili akirudi akikute kinang'aa. Nikapiga deki, nikafuta vumbi kwenye cherehani, nikapanga bobini za uzi kwa rangi. Ukutani nikaona zile nyuzi, kama sitini hivi, zimeshika vumbi. Katika akili yangu ya jikoni, kinachoning'inia na kushika vumbi ni uchafu. Nilizichoma nyuma ya nyumba pamoja na mabaki ya vitambaa, tena huku naimba. Kaka alipouliza ziko wapi, nikamweleza kwa kujisifu. Akakaa kwenye kigoda na kushika kichwa. Ndipo akaniambia kwamba mmoja wa nyuzi zile ulikuwa wa yule binti, na kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, mama yake alimpima kimo na kuongeza fundo. Mafundo ishirini na manne. Maombi ishirini na manne. Nilitamani ardhi inimeze.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia wifi. Naye hakuingia chumba kile. Alilala akiutazama ukuta wa chumba cha kulala, na aliyekuwa akiombea watu wote sasa hakutaka hata kuombewa. Siku moja nilianza kumwombea kwa sauti, akanyoosha mkono wa kushoto akaniziba mdomo. Mzaha haukuwemo. Nilienda zangu kazini nimemnunia Mungu. Nilikoroga sufuria kubwa ya shule huku namuuliza kwa nini amechukua ulimi wa wifi na kuuacha wangu, ambao hata Yeye anajua hauna kazi kubwa.

Jumapili ya tatu tangu arudi, baada ya ibada, akina mama wa kanisani wakaja kumwona, kama kumi na wawili, viti vikatushinda, wengine wakakaa kitandani miguuni kwake. Hawakuwa na maneno mengi. Wakaimba ule wimbo wa kwaya tunaouimba kila mwaka wakati wa mavuno, taratibu. Ubeti wa pili ulipoanza nikasikia sauti ya pili ikiingia mahali pake, nene, safi, bila kosa. Nikageuka kuangalia ni nani. Alikuwa wifi. Anaimba huku ameutazama ukuta, na maneno yanatoka yote, moja baada ya jingine, kama hayajawahi kupotea. Sisi tukanyamaza kwa mshangao. Yeye akaendelea peke yake mpaka mwisho wa ubeti.

Mmoja wetu akamwambia amezungumza. Wifi akageuka, akajaribu kujibu, akasema "mlango", akalia. Tukalia wote. Lakini kilio kile hakikuwa cha msiba, kila mtu mle ndani alijua.

Kesho yake mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akija kumnyoosha mkono, alitueleza kwamba nyimbo zina chumba chao kichwani, na ugonjwa haukukifikia. Akatushauri tumtolee maneno kwa njia hiyo: anachotaka kusema, akiimbe. Kaka, ambaye ni fundi wa kufuli na si mtu wa kusema sana mambo ya imani, akawaza kidogo, akasema, "Kumbe Mungu alituachia ufunguo wa akiba." Nami nikaacha kununa. Miaka yote zile nyimbo tuliziimba tukidhani tunampa Mungu kitu, kumbe alikuwa akimwekea wifi akiba.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa vituko vitupu. Wifi alianza kuomba chumvi kwa wimbo wa maziko, kwa sababu ndio uliomjia haraka. Mumewe akichelewa kurudi, anapokewa mlangoni kwa wimbo wa toba, na maneno ni "umekuwa wapi". Mimi, ambaye kwaya ilinikataa mara mbili, nikalazimika kumjibu kwa kuimba ili nimpe moyo, na akinisikia anakunja uso kwa maumivu ya kweli. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Siku ya nne akaimba kwamba anataka kuingia chumba cha cherehani.

Nikamshika mkono, tukaingia, akauona ukuta mtupu. Nikapiga magoti papo hapo na kumweleza yote, moto na wimbo wangu pia. Nilikuwa tayari kwa lolote. Machozi yakamteremka, kisha akatafuta wimbo, akaupata, akaimba polepole akinishika bega:

"Wewe umechoma uzi. Maombi anayo Mungu."

Nilijua amenisamehe, na nilijua pia kwamba hata yeye mwenyewe ndio kwanza anayasikia maneno yale. Toka dakika ile hakuutazama tena ukuta wa chumba cha kulala. Akamwita binti yake, akamsimamisha katikati ya chumba, akakata uzi mpya kwa mkono wa kushoto. Fundo la kwanza lilimchukua robo saa, kwa vidole vitatu na meno. Midomo ikamcheza vilevile kama zamani. Tulipotaka kumsaidia akatufukuza kwa wimbo wa Pasaka.

Mikono ya kushona ikawa yangu. Mwanamke ambaye hakuwahi kumruhusu mtu aguse cherehani yake alinikalisha kwenye kiti chake, mimi ambaye najua kushona kifungo tu, na kwa shida. Yeye alichora kwa chaki kwa mkono wa kushoto, mimi nikakata. Yeye aliimba, mimi nikakanyaga. Nilishona mkono wa kulia wa gauni mahali pa kushoto. Nilijishona kidole. Kila nilipotaka kuacha, alinifungia fundo dogo kwenye ukingo wa aproni yangu, akaniombea jambo moja, akanielekeza kiti kwa kidevu. Aproni ile imejaa mafundo, na bado naivaa jikoni.

Siku moja kabla ya harusi, saa nane mchana, binti alipanda kwenye kigoda akiwa amelivaa gauni. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake mkononi. Nilijiona fundi. Wifi akamzunguka binti yake kwa mkongojo, mara moja, mara ya pili, akasimama nyuma. Akafungua mdomo. Tukasubiri wimbo.

"Fumua," akasema.

Akasema tu, kwa sauti kavu ya kila siku, bila wimbo wowote. Hata yeye alishtuka, akashika koo lake, kisha akanitazama mimi na kulinyooshea kidole pindo la gauni.

"Pindo limepanda huku. Fumua, wifi."

Funguo za kaka zikaanguka. Binti akataka kuruka kutoka kwenye kigoda amkumbatie, mama yake akamzuia kwa kiganja.

"Simama wima, mwanangu. Bwana akutunze. Simama wima."

Nililifumua pindo lote, mzunguko mzima, nikilia na kucheka. Ilikuwa kazi ya siku mbili ninayoiharibu kwa nusu saa, na sijawahi kufanya kazi nyingine kwa furaha kama ile. Wifi aliketi pembeni akinihesabia makosa mengine, moja moja, kwa maneno tu, bila wimbo, na hakuna aliyemwomba anyamaze.